Waya wa baharini ukikatika, nani alilipa?

Je, mtu wa Unguja zamani aliyetuma telegramu alilipa mara mbili pale waya wa baharini, yaani waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari, ulipokatika? Hapana. Kanuni za kimataifa za telegrafu zilimlinda mtumaji, na mimi naona zilikuwa za haki kuliko tunavyodhani.

Waya wa Aden–Zanzibar–Msumbiji–Durban ulianza kazi mwaka 1879. Miaka ile ya mwanzo ukikatika, hapakuwa na waya mwingine wa kuifikia Ulaya. Ofisi iliyokwama na ujumbe iliutoa kwenye waya na kuupeleka kwa posta, yaani kwa meli, hadi kituo ambacho bado kilikuwa na mawasiliano, kisha ukaendelea kwa telegrafu. Mtumaji aliweza kudai sehemu ya nauli ya kipande ambacho ujumbe haukupita kwa waya, baada ya kukatwa gharama ya njia iliyotumika badala yake. Kwa telegramu iliyotozwa kwa neno, hiyo haikuwa fedha ndogo.

Mambo yalibadilika 1889, waya wa pwani ya magharibi ya Afrika ulipofika Cape Town. Kuanzia hapo upande wa Aden, yaani wa kuelekea Ulaya, ukikatika, ujumbe uliweza kushuka kusini hadi Durban na kuzunguka bara zima hadi Ulaya. Makampuni yalihangaikia njia ya pili kwa sababu matengenezo hayakuwa rahisi: meli ya matengenezo ilipaswa kwanza kupatafuta palipokatika, iunase waya chini ya bahari kwa nanga maalumu, iuinue na kuuunga, na bahari ikichafuka kazi inasimama.