Polisi na Rekodi za Simu Yako

SWALI: Jirani yangu alipohojiwa na polisi kuhusu wizi uliotokea mtaani, alionyeshwa orodha ya nambari zote alizopiga mwezi mzima. Hakushtakiwa, wala hakuombwa ruhusa. Je, sheria inaruhusu? Na ikiwa wezi hunaswa kwa njia hiyo, asiye na hatia analalamikia nini? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, yakiwemo mawasiliano yake, ingawa Ibara ya 24 inakubali haki hiyo iwekewe mipaka kwa sheria, na kwa kiasi kinachofaa tu. Polisi hawakuhitaji ruhusa ya jirani yako. Walichohitaji ni kwenda mahakamani, wakaeleza kwa kiapo kosa wanalochunguza na sababu ya kutaka rekodi hizo, kisha wapewe hati. Mpelelezi ana kesi ya kujenga, na kwa hiyo hafai kujiamulia mwenyewe achukue siku ngapi za maisha ya mtu.

Wapo wanaosema kwamba orodha ya nambari si mazungumzo, hivyo haina siri. Sikubaliani nao hata kidogo. Kila mstari una nambari iliyopigwa, saa, muda wa maongezi na mnara uliobeba simu. Mtu aliyepigia kliniki ya saratani Jumatatu, kampuni ya bima Jumanne na wakili wa mirathi Jumatano, siri yake imekwisha kujulikana kabla halijasikika neno lake hata moja, na mnara unaonyesha eneo alikolala. Hayo ndiyo anayoyalalamikia asiye na hatia.

Mahakama zenyewe zimevutana kuhusu jambo hili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilizuia mfumo ambao Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuuunganisha na mitandao ya kampuni za simu ili kutambua simu bandia, ikiona kwamba unahatarisha faragha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo.

Jirani yako amtumie wakili kuuliza kwa maandishi hati ilitolewa na mahakama gani, na kwa siku zipi. Akikosa jibu, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ajiandae kuambiwa kwamba sheria hiyo inatoa msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa na maslahi ya umma, maneno ambayo kwa maoni yangu ni mapana mno, na ambayo wakili wake anapaswa kudai yafafanuliwe kuhusu wizi huo mmoja.