Kabla ya kununua unga, kaeni chini na akina mama

Wiki iliyopita dada mmoja wa Voi aliniandikia. Ana kikundi cha vijana wenzake, wamechanga vijisenti, na wanataka kupeleka chakula na sabuni kwa familia za Waata huko ndani. Amesikia sisi tulifanya hivyo wakati wa korona. "Kaka, tuanzie wapi?" Nilimpigia, tukaongea mpaka salio likaisha. Sasa namalizia hapa, maana nyinyi wengine pia huniuliza hayo hayo kila ukame ukibisha hodi.

Kwa wasiowajua, Waata ni wawindaji wa asili wa nyika hii yetu ya Kenya, toka Galana mpaka Tsavo. Wana lahaja yao ya Kioromo, na upinde wao ulikuwa wa kuangusha ndovu. Mwaka 1948 ikaanzishwa hifadhi ya Tsavo, miaka ya 1950 wakaanza kusakwa na kufungwa, na 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Kazi waliyoachiwa na babu zao ikawa jinai, na mashamba hawakupewa. Wengi sasa wanachoma makaa, wanarina asali, wanalima vibarua kwa majirani. Na majirani hao hao, ambao wenyewe ni maskini, ukiwasikiliza wanavyowataja utajua mapema kwamba msaada ukija, Mwata atapanga foleni nyuma.

Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililotusumbua 2020.

Mnakumbuka mambo yalivyokwenda kasi. Machi 13 mgonjwa wa kwanza akatangazwa, Machi 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni, na Aprili 8 Kilifi ikafungwa pamoja na Kwale na Mombasa: hutoki, huingii. Huko Magarini ndani, kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, watu hawakuwa wamemwona mgonjwa hata mmoja, lakini njaa ilishafika. Hoteli za Malindi na Watamu zilikuwa zimefunga, na mtu wa mjini hajui ni boma ngapi za nyika zilizokuwa zikila kwa mshahara wa kijana mmoja anayeosha vyombo Watamu. Kijana karudi nyumbani na begi lake, sasa naye ni mdomo wa kulishwa. Shule nazo zimefungwa, kwa hiyo chakula cha mchana cha watoto kimekatika.

Sisi tulikuwa marafiki tu wa Malindi wenye kundi la WhatsApp. Serikali ilikuwa imeondoa ada ya M-Pesa kwa anayetuma chini ya shilingi 1,000, basi watu wakawa wanatuma mia mbili, mia tatu, bila kuona uchungu. Dada zetu walioko Saudia walituma pia, nao huko wamefungiwa ndani. Nasema bila kuficha: hatukuwa na ofisi wala fulana zenye maandishi, na tulifika mahali ambapo magari yenye bendera hayakufika.

Tulifika kwa sababu ya orodha. Karatasi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa safi, imepigwa mistari kwa rula, majina na nambari za vitambulisho. Ukiisoma taratibu unaona ukoo mmoja umejirudia kama kiitikio cha ngoma. Na wazee wa Kiwaata ambao hawajawahi kuwa na kitambulisho wangetoka wapi kwenye karatasi inayodai kitambulisho? Tuliikunja, tukamshukuru aliyetupa, maana bila baraka ya mzee wa kijiji huwezi kushusha hata gunia moja. Kisha tukaomba kukaa na akina mama, chini ya mkwaju, bila wanaume. Swali letu lilikuwa moja: jana ni nyumba gani haikutoa moshi?

Walinyamaza, wakatazamana, halafu mmoja akanyoosha mkono kuelekea vichakani, nje kabisa ya kijiji. Akina mama hawakosei katika hili. Wanajua nani ameazima chumvi, nani amekuja kuomba kaa la moto akaondoka bila chungu cha kupikia. Orodha ya pili ilitoka midomoni mwao na ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Dada wa Voi, kama utasahau yote mengine, usisahau swali la moshi.

La pili ni maji. Tulikuwa tumepeleka sabuni ya mche, tukawa tunaikata vipande kwa waya juu ya ubao. Bibi mmoja akachukua kipande chake, akakinusa, akacheka. "Mwanangu, hii nitajipaka kavu?" Silanga, yaani bwawa la kuchotea maji, lilikuwa mbali, na dumu la lita ishirini likifika nyumbani linagawanywa kwanza kwa kunywa, kisha chungu, kisha mbuzi mgonjwa. Kuosha mikono kwa sekunde ishirini, kama redio ilivyokuwa ikihubiri, ni maji ya kikombe kizima kila mara.

Ndipo tukaingiza vibuyu chirizi. Dumu la lita tano, tundu la msumari uliopashwa moto, kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Maji yanatoka kidogo kidogo na mkono haugusi dumu. Sabuni tuliitundika ndani ya kipande cha chandarua kikuukuu, na tukajifunza kuifunga vizuri, kwa sababu kunguru anapenda sabuni kuliko mtoto anavyoipenda peremende. Maji yayo hayo yalitufanya tuache maharagwe makavu. Yanachemka nusu ya siku, yanakula kuni na maji. Pojo, yaani ndengu, huiva upesi. Pelekeni pojo, unga wa sima, mafuta, chumvi.

Sasa niseme kilichonichoma. Baadaye likaja shirika moja, silitaji, na bango refu. Waliwapanga watu juani, wakampa kila mmoja pakiti na kumwambia aishike kifuani huku anatazama kamera. Kibuyu chirizi chetu kimo kwenye picha zao, kamba ile ile ya buluu. Na kwenye kikao kimoja mtu akasimama kusema sisi ni watoto wa mjini wanaotafuta kiki. Ni miaka sasa, na bado nikiiona kamba ile moyo unapanda.

Kwa hiyo msiwapige picha. Anayekuambia mfadhili anadai picha, mpigie picha ya magunia. Mtu mwenye njaa hawezi kukukatalia, na asiyeweza kukataa hajakubali. Mwogopeni Mungu katika hili. Mzee aliyekuwa akiheshimika kwa shabaha yake leo aonyeshwe kwa dunia nzima ameshika kilo mbili za unga, kisha sisi tuandike kwamba tumemrudishia utu?

Halafu, dada wa Voi, swali lako la mwisho, lile uliloliandika kwa aibu, kuhusu pedi. Pelekeni. Tangu sheria ya 2017 msichana wa shule ya umma hupaswa kupata pedi za bure shuleni, na shule zilipofungwa 2020 mlango huo ulifungwa nao, mpaka wengi waliporudi darasani Januari 2021. Lakini pedi bila chupi haikai, na hilo hakuna mwanamume katika kundi letu aliyeliwaza. Dada zetu ndio walioliona. Nunueni na chupi, saizi tofauti tofauti. Mkabidhi mama mmoja anayeaminika agawe ndani ya nyumba, nyinyi wavulana mkiwa huko kwenye lori mnashusha unga.