Nyumbani kwa nani?

Swali lenu la wiki hii kwa wasomaji linauliza kama kufanya kazi kutoka nyumbani kumeturudishia muda wetu, au kumechukua hata ule mdogo tuliokuwa tumebakiwa nao. Nina zaidi ya miaka minne nikifanya kazi ya uhasibu nyumbani kwangu Mbezi, Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba muda ulirudi kweli, ila haukukaa. Tena ulipoondoka, sehemu kubwa yake haikutoka kwangu mimi, bali ilitoka kwa mtu ambaye swali lenu halikumtaja, na ambaye mimi mwenyewe nilichelewa sana kumwona ingawa tunakula sufuria moja.

Nianze na kile kilichorudi, kwa sababu wapo wanaobeza kazi ya nyumbani kana kwamba haikumsaidia mtu, na huo si ukweli. Kabla ya mwaka 2021 ofisi yetu ilikuwa Posta, katikati ya jiji. Niliamka saa kumi usiku, nikatoka saa kumi na moja alfajiri, nikapanda daladala hadi Kimara, kisha nikajipanga na wenzangu kusubiri mwendokasi wa kwenda Kivukoni. Mabasi hayo yalipoanza mwaka 2016 yalitupunguzia adha kubwa, lakini abiria tuliongezeka kuliko mabasi, na jioni mtu aliweza kusimama kituoni akaona mabasi matatu yakipita yamejaa. Nilifika nyumbani karibu saa mbili usiku, na zaidi ya saa 4 za kila siku zilikuwa zimeishia barabarani. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wiki nyingi huwa njiani kuelekea Tunduma na ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo mtoto wetu alikuwa akiwaona wazazi wake wote wawili siku ya Jumapili. Niliporuhusiwa kufanyia kazi nyumbani, mwezi wa kwanza nilikunywa chai na mwanangu kila asubuhi kabla hajaenda shule, na sijasahau mshangao wake wa kunikuta mezani. Atakayeniambia kwamba hilo ni jambo dogo sitakubaliana naye.

Miezi michache baadaye vikao vya usiku vilianza. Wateja wakubwa wa kampuni wako New York, na saa tano ya asubuhi kwao ni saa moja usiku kwetu. Mwezi Machi wao husogeza saa zao mbele, kwa hiyo kikao huja saa kumi na mbili jioni, na Novemba wanapozirudisha nyuma kikao nacho hurudi usiku. Sisi tunaoishi jirani na ikweta hatuna sababu ya kusogeza saa, maana mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima, na Kiswahili chetu kimejengwa juu ya hilo: saa ya kwanza tunaihesabu baada ya jua kuchomoza, na ya kumi na mbili linapozama. Tangu utotoni nilifahamu kwamba jua likizama hesabu ya mchana imefungwa na inaanza nyingine. Kwa kazi hii nilijikuta hesabu ya mchana haifungwi, kwa kuwa meneja wa hapa alinitaka mtandaoni saa mbili asubuhi kama zamani, wateja wakanitaka usiku, na katikati yake kulikuwa na kundi la WhatsApp la idara ambalo ujumbe wake, hata unapoandikwa saa tano usiku, huanza na maneno "naomba tu haraka."

Gharama nazo zilihamia kwetu. Bando ni langu na umeme ni wa LUKU yangu, mita ya kulipia kabla. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu, na mtandao ukazorota Tanzania na katika nchi nyingi za ukanda huu, hakuna tarehe hata moja ya kukabidhi kazi iliyosogezwa. Wiki hiyo niliamka saa nane za usiku kupakia mafaili, kwa sababu muda huo watu wengi walikuwa wamelala na mtandao ulikuwa na nafuu kidogo.

Mwaka jana nilichukua daftari na kuandika, kwa juma zima, kila muda nilioanza kazi na kila muda niliomaliza, pamoja na zile dakika 20 za kujibu ujumbe nikiwa jikoni. Mkataba wangu unasema saa 40. Daftari lilisema 61. Nilitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ambayo nakiri nilikuwa sijawahi kuisoma ingawa nimeajiriwa chini yake muda wote huo. Inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, kwamba saa za ziada ziwe za makubaliano, zisivuke 50 katika kila wiki nne na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na kwamba kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Mimi nilikuwa nikimaliza saa nne usiku, nyakati nyingine saa sita, na kuanza tena saa mbili asubuhi. Wala si suala la uchovu peke yake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo kwa mwaka mmoja wa 2016. Ukilinganisha na mtu wa saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi huongezeka kwa kadiri ya asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17. Baba yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 58, kwa hiyo takwimu hizo sikuzisoma kama habari za watu wengine.

Nilikuwa nimeketi mezani na daftari hilo, nikimsomea dada anayetusaidia kazi za nyumbani yale niliyoyagundua, maana nilikuwa na hasira na nilitaka kusikilizwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Dada, hiyo kazi ya nyumbani wanayoisema, ni nyumbani kwa nani?" Hakuwa ananichokoza. Alitaka kujua kama sheria ile inamhusu yeye pia, yeye ambaye amekuwa akifanya kazi nyumbani muda wote, ila nyumba yenyewe si yake.

Nilisoma tena. Sheria hiyo, kwa Tanzania Bara, inawahusu waajiriwa wote, na waliotolewa ndani yake ni wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mfanyakazi wa nyumbani hakutolewa. Tukafungua ukurasa mwingine wa daftari tukaandika saa zake naye. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kumwandaa mtoto kwa ajili ya gari la shule, na akilala saa nne na nusu usiku. Ukitoa mapumziko ya mchana zilibaki kama saa 14 kwa siku, na Jumapili, ambayo mimi niliihesabu kuwa siku yake, alirudi kutoka kanisani akapika chakula cha mchana na cha jioni. Jumla ilikuwa saa 89, karibu mara mbili ya kiwango cha sheria. Mapumziko yake ya usiku yalikuwa saa sita na nusu.

Nilichokiona katika ukurasa ule ndicho kilichonifanya niwaandikie. Zamani, nilipofika kutoka Posta, nilikuwa nimefika. Saa mbili usiku nilivua viatu, nikashika shughuli za jioni, naye akaenda kuoga na kulala. Siku zake zilikuwa ndefu, lakini zilikuwa na mwisho, na mwisho huo ulikuwa mimi kuingia mlangoni. Nilipoanza kufanya kazi nyumbani nilikuwepo kutwa nzima, lakini sikurudi tena. Nilipokuwa kwenye kikao cha usiku yeye ndiye aliyemnyamazisha mtoto ili sauti isisikike New York, akamwogesha na kumlaza, kisha akakaa macho jikoni akisubiri nimalize ili anipashie chakula moto, kwa sababu aliona haya kulala wakati mwenye nyumba hajala. Kila saa niliyoipa kampuni usiku ilikuwa na saa yake pembeni, na hiyo ya pembeni hakuna aliyeiomba, aliyeiandika wala aliyeilipa. Mimi nililalamika kwamba mwajiri wangu ananitumia ujumbe nje ya muda wa kazi, huku mtu ninayemwajiri nikimwita kwa jina kutoka chumba cha pili saa nne usiku, na nikiona ni jambo la kawaida kwa kuwa tunaishi kama ndugu.

Kuna kifungu kimoja katika sheria hiyo ambacho nimekifikiria sana. Mapumziko ya saa 12 yanaweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi, na mojawapo ya hali zinazoruhusu ni pale mfanyakazi anapoishi mahali hapohapo anapofanyia kazi. Naelewa kwa nini kiliwekwa: asiyesafiri kwenda kazini anahitaji muda mfupi zaidi kati ya siku na siku. Lakini kina sharti la maandishi, na sidhani kama nyumba nyingi za mtaani kwetu zina karatasi ya namna hiyo. Na leo kinaweza kutugusa hata sisi wa kompyuta, ambao sebule zetu zimegeuka ofisi, bila mtu yeyote kutuletea karatasi ya kusaini. Anayelala na kuamka mahali pa kazi anahitaji mpaka ulioandikwa kuliko anayetoka na kufunga mlango nyuma yake, kwa sababu hana mlango wa kumwambia kwamba sasa imetosha.

Najua wasomaji wengine watapendekeza sheria ya haki ya kuzima simu baada ya kazi. Ufaransa imeanza kuwataka waajiri wakubwa wajadiliane na wafanyakazi wao kuhusu haki hiyo tangu Januari 2017, Ureno ikamzuia mwajiri kumsumbua mfanyakazi wake wakati wa mapumziko, na kwa jirani zetu Kenya muswada wa namna hiyo ulipelekwa Seneti mwaka 2022 na Seneta Samson Cherargei, ukapingwa na chama cha waajiri. Naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba tutakapolijadili hapa nchini tusiandike sheria inayomfikia mwenye simu na kompyuta pekee. Dada wa nyumbani hana kundi la WhatsApp la kulizima. Anaitwa kwa sauti, na mwenye sauti ni mtu kama mimi.

Kuhusu tulichofanya, nitasema kwa kifupi. Nilimwandikia meneja wangu nikaambatanisha hesabu ya saa 61, nikaomba vikao vya usiku viwe Jumanne na Alhamisi tu, na kwamba nikimaliza saa nne usiku nianze kesho yake saa nne asubuhi, ili zile saa 12 zitimie. Ilichukua miezi miwili kukubaliwa, na nafasi ya kuongoza kundi la mteja mmoja mkubwa alipewa mwenzangu aliyekuwa tayari kwa kila usiku. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo. Jioni za kikao mwanangu hukaa kando yangu na daftari lake la kuchora, kamera nimeizima. Niliwahi kulaumiwa kwa kuzima kamera nikaeleza sababu, na sikuulizwa tena.

Na dada tuliandikiana karatasi, nakala mbili, yake na yangu. Anaanza saa kumi na mbili asubuhi, anapumzika kwa saa 3 mchana, anamaliza saa moja usiku. Jumamosi ni saa 4 za asubuhi tu, na Jumapili jiko ni langu. Ukijumlisha ni saa 54, kwa hiyo bado tumevuka 45, na zile 9 nazilipa kama saa za ziada kwa mara moja na nusu, jambo lililonilazimu kuacha king'amuzi na saluni ya kila mwezi. Lengo letu ni kushuka hadi 45 mume wangu atakapopata ruti fupi, ambayo ameiomba tangu Januari. Jumamosi mchana dada anajifunza ushonaji kwa fundi mmoja karibu na kituo cha daladala, na chakula changu cha usiku wa vikao nakipasha mwenyewe.