Stika za ukutani zisizobandua rangi

Mkuu, kwa stika ya ukuta wa nyumba ya kupanga chukua vinyl (plastiki yenye gundi ya kukatia stika) ya Oracal namba 631, siyo 651. 631 haing'ai na gundi yake imetengenezwa kwa ajili ya kubanduliwa. 651 ni ya kudumu, ndiyo tunayobandika kwenye magari na vibao vya maduka. Nakata stika hapa Arusha, na mafundi wengi watakupa 651 kwa sababu ndiyo wanayo stoo, kwa hiyo muulize namba kabla hajakata. Akikwambia "zote sawa tu", tafuta mwingine.

Rangi ikiwa mpya subiri wiki tatu angalau, na kipindi cha masika ongeza, maana kuta za huku hukauka kwa kujivuta.

Kutoa: pasha kwa draya ya nywele, anzia kona, vuta taratibu ukiilaza stika karibu na ukuta.

Ila kama ukuta ni wa chokaa, au ile rangi ya maji ya bei chee inayoacha unga kiganjani ukiupangusa, hata 631 itaondoka nayo. Jaribu kwanza kipande kidogo nyuma ya mlango.