Zamu ya bandarini na Misa ya Dominika

Ndugu yangu, umeuliza kama zamu za Jumapili hapo Kilindini, bandari ya Mombasa, zinakutoa katika Ukatoliki. Hazikutoi, ubatizo haufutiki. Lakini Misa ya Dominika ni wajibu, si hiari (kanuni 1247 ya Sheria za Kanisa), na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2181 yasema kuikosa kusudi, bila sababu nzito, ni dhambi kubwa. Ugonjwa au kulea mtoto mchanga ni sababu. Kazi usiyoweza kuikwepa pia. Uchovu wa Jumamosi usiku, hapana.

Wengi husahau kanuni 1248: Misa ya Jumamosi jioni yatosha, na katika kanisa lolote la Katoliki, si lazima parokia yako. Basi ukiwa Likoni na zamu yaanza alfajiri, ulizia Misa ya jioni ng'ambo, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu au Changamwe, na uhesabu foleni ya feri. Zamu zikigongana miezi mizima, mwone paroko kabla. Ana uwezo wa kukupa ruhusa, au kukubadilishia wajibu huo kwa tendo jingine la ibada. Misa ya runingani na sala za jumuiya ni nzuri, ila hazijazi pengo hilo. Misa ulizokosa kwa uvivu, ziungame kwanza ndipo ukomunike.