Larisa Neiland hakuwa "wa dabo tu"

Mkuu uliyeanzisha uzi umeuliza kama Latvia iliwahi kuwa na mwanamke wa maana kwenye tenisi kabla ya Jeļena Ostapenko kubeba French Open 2017. Mdau mmoja akakujibu kwamba alikuwepo Larisa Neiland, "ila huyo alikuwa wa dabo tu". Dabo ni mchezo wa wawili kwa wawili, na hiyo "tu" imeniuma. Nimecheza dabo klabuni hapa Dar karibu miaka ishirini, na kama si huyu mama ningeshagawa raketi zangu zamani.

Alizaliwa 1966 mjini Lviv, Ukraine, enzi za Muungano wa Kisovieti, akiitwa Larisa Savchenko. Latvia aliingia kwa ndoa, alipoolewa na Aleksandr Neiland, na nchi ilipojipatia tena uhuru wake 1991 akawa mchezaji wake. Wanaodhani alikimbilia dabo kwa kushindwa kucheza peke yake wajue kwamba mwaka 1988 alikuwa ndani ya kumi bora duniani kwa mchezaji mmoja mmoja.

Ila roho yake ilikuwa kwenye dabo, na patna wake alikuwa Natasha Zvereva. Wimbledon 1988 walifungwa fainali na Steffi Graf na Gabriela Sabatini, seti ya mwisho 12-10. Hebu fikiria kulala na matokeo kama hayo. Mwaka uliofuata wakakutana na haohao fainali ya French Open, wakawafunga seti mbili kavu. Mwaka 1991 wakachukua Wimbledon kwa kuwashinda Gigi Fernández na Jana Novotná.

Kisha wakaachana. Miezi miwili baada ya kombe la Wimbledon, kwenye fainali ya US Open, Neiland amesimama na Novotná, na ng'ambo ya neti yupo Zvereva na Pam Shriver. Zvereva akashinda. Baadaye Zvereva akaungana na Gigi Fernández, yaani jozi zile mbili za Wimbledon zikawa zimebadilishana watu. Wimbledon 1992, US Open 1992, French Open 1993, Wimbledon 1993: fainali nne, wanawake walewale wanne, na mara zote nne kombe likaenda kwa Zvereva. Ukijumlisha, Neiland amefungwa fainali tano za mashindano makubwa (Grand Slam) na mtu ambaye walikuwa wanajuana hadi pumzi.

Hapa ndipo inaponigusa. Patna wangu wa miaka sita aliniacha akaenda kucheza na dada mwingine wa klabu hiyohiyo. Sikugombana naye, ila kila nikimwona ng'ambo ya neti mkono ulikuwa mzito. Alijua nikibanwa napiga mpira wa juu upande wa kushoto, kwa hiyo alikuwa anarudi nyuma kabla sijapiga. Nilipoteza fainali mbili namna hiyo, nikawa nimeamua basi.

Kijana wangu ndiye aliyenitafutia mtandaoni mkanda wa fainali ya Wimbledon 1993. Wikendi ileile Novotná alikuwa ameongoza 4-1 kwenye seti ya tatu dhidi ya Graf katika fainali ya mmoja mmoja, akaporomoka, na akalia begani kwa Duchess wa Kent, mama wa familia ya kifalme ya Uingereza, mbele ya dunia nzima. Neiland ilibidi aingie uwanjani na patna aliyevunjika moyo kiasi kile, kupambana na patna aliyemwacha. Wakafungwa 6-4, 6-7, 6-4, na seti ya katikati waliipigania hadi taibreki, yaani gemu ya kuamua seti ikifika 6-6. Nimeutazama mkanda ule mara nyingi mno, na namwangalia yeye hasa wakati mpira hauko kwake, jinsi miguu yake isivyotulia.

Fainali kubwa za dabo ya wanawake alicheza 12, akashinda 2. Najua wapo watakaosoma hesabu hiyo kama aibu. Mimi nawaza ni wangapi wangerudi kwa fainali ya nane baada ya kufungwa ya saba.

Na kwenye dabo ya mseto, mwanamke na mwanamume upande mmoja, alibeba makombe manne: Wimbledon 1992 na Cyril Suk, Australian Open 1994 na Andrei Olhovskiy, French Open 1995 na Todd Woodbridge, Australian Open 1996 na Mark Woodforde. Makombe manne, wanaume wanne tofauti! Kila aliyewahi kubadilisha patna anajua ugumu wake: ishara mpya, nani anachukua mpira wa katikati, nani anakasirika upesi. Jumla ya mataji yake ya dabo ya wanawake kwenye ziara ya WTA, mfululizo wa mashindano ya wanawake wa kulipwa, ni 65, na Januari 1992 alikuwa namba moja duniani kwa dabo.

Mimi nilitafuta patna mpya, binti mdogo kwangu kwa miaka kumi na mbili. Mwezi wa kwanza tulifungwa na kila mtu. Sasa hivi katikati ni pangu, na hatuulizani tena.