Shangazi na Rimoti: Maswali Yenu Kuhusu Picha

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu akishika rimoti ni kauboi tu, zile za zamani, mtu anakatiza jangwa na farasi huku mluzi unapigwa. Mimi napenda filamu za makala: wanyama, historia, maisha ya watu. Namwambia anaangalia uongo, naye anasema makala zangu ni dawa ya usingizi. Tuamulie. – Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi si mtaalamu wa sinema. Naangalia vyombo vikishaoshwa, na picha ikinichosha nazima. Lakini hapa namtetea mkwe wangu.

Kauboi hajamwahidi mtu ukweli. Hizo za mluzi nyingi ni kazi ya Waitaliano, na zilipigwa Uhispania. Chukua The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966: mwongozaji ni Sergio Leone, muziki ni wa Ennio Morricone, na lile jangwa la “Marekani” liko Almería. Tazama midomo ya waigizaji. Maneno hayaendani nayo, kwa sababu kila mtu alisema kwa lugha yake na sauti zikabandikwa baadaye. Uongo mtupu! Lakini ikifika pale makaburini, steringi na wenzake wawili wanatazamana, hakuna anayefungua mdomo, kamera inatoka kwenye jicho inakwenda kwenye mkono, kwenye bastola, inarudi kwenye jicho, chai yangu inapoa nikiwa nimeishika.

Anayekuapia kwamba anasema kweli ni mtu wa makala, kwa hiyo mkague yeye. Nanook of the North ya 1922 inaheshimiwa sana katika historia ya makala. Robert Flaherty aliwapiga picha Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada. Huyo “Nanook” jina lake halisi ni Allakariallak. Bunduki walikuwa wameshazizoea, ila Flaherty alitaka waonekane wakiwinda kwa chusa kama mababu zao. Nyumba ya theluji ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, kamera ipate mwanga. Kwa hiyo ile familia unayoiona inajifunika ngozi ilale, baridi ilikuwa inaingia moja kwa moja. Itazame, ni nzuri mno. Ila usimwambie mumeo kwamba humo hakuna maigizo.

SWALI: Shangazi, ile makala ya mapanki ya Mwanza ilikuwa kweli au walituchafua? – Msomaji, Nyamagana

JIBU: Unaisema Darwin’s Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, ile iliyomkasirisha Rais Kikwete mwaka 2006. Kwa macho yangu, vyote viwili. Minofu ya sangara kupanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa, kubaki huku yakianikwa na kukaangwa, huo ni ukweli wa kuonekana. Habari ya ndege kuleta silaha ni nyingine: unasikia watu wakizungumza, sanduku la silaha hulioni. Halafu imepigwa kama vile Mwanza hakujawahi kuchwa jua zuri wala kufungwa ndoa. Mimi nikiona makala haina hata mtu mmoja anayecheka, naanza kumtilia shaka aliyeshika kamera.

SWALI: Ni mimi tena, Mama Wawili. Basi nitajie makala moja ambayo mume wangu hatasinzia.

JIBU: Sad Hill Unearthed, ya 2017. Yale makaburi niliyokusimulia si makaburi ya kweli. Yalijengwa na wanajeshi wa Uhispania karibu na Burgos kwa ajili ya picha, maelfu ya misalaba isiyo na maiti hata mmoja. Walipomaliza wakaondoka, nyasi zikafunika kila kitu. Kuanzia 2015 mashabiki wakaenda na majembe yao, wakafukua mpaka wakaufikia ule uwanja wa mawe wa mviringo. Wengine walichanga fedha ili majina yao yaandikwe kwenye misalaba. Fikiria, mtu mzima analipia kaburi lake la uongo! Morricone na Clint Eastwood wenyewe wanazungumza humo.

Muanze na picha yenyewe, la sivyo makala haitakuwa na ladha. Picha inachukua karibu saa tatu, kwa hiyo hao watoto wawili wawe wameshalala.